Uso wa Kuazima

Ninyi mnaojipiga picha hata kabla ya kunawa uso, hebu shusheni simu kidogo mnisikilize. Mimi nimekula, nimejenga na nimesomesha watoto kwa nyuso za watu. Nilianza nikiwa msichana, nikaacha mgongo ulipokataa kuinama, na katikati ya hapo nadhani nusu ya Kisangani ilikaa kwenye kigoda changu, ikanyoosha shingo, ikabana pumzi. Wananiita Mama Foto mpaka leo, hata kanisani. Jina langu la ubatizo nimelihifadhi kwa ajili ya jeneza.

Wengi wenu mnadhani kupiga picha ni kubonyeza. Kubonyeza hata mbuzi anaweza, akikanyaga pazuri. Kazi yenyewe ni taa, na taa nilifundishwa na Papa Anselme.

Huyu Papa Anselme alikuwa na studio ndogo katika komine ya Kisangani, mtaa wenye jina la mji wenyewe, upande wa familia za wavuvi wa maporomoko. Chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ndege inayoruka, na nyuma yake chumba cha giza cha kusafishia filamu, kilichonuka dawa mpaka ukalala na ile harufu puani. Siku ya kwanza hakunigusisha kamera. Alinikalisha kigodani, akashusha taa chini ya kidevu changu, akanipa kioo.

"Uko na miaka ngapi sasa?"

Kiooni nilimwona shangazi yangu ananikodolea macho. Kisha akainua taa juu mbele yangu, akanitandikia kitambaa cheupe mapajani ili mwanga urudi usoni.

"Na sasa?"

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi.

"Umeona? Miaka haiko mu uso, mwanangu. Miaka iko mu taa."

Nilikuja kugundua baadaye kwamba lile ndilo somo lililokuwa linauza duka. Kwetu mtu hana umri mmoja. Kuna umri wa mama, anaouhesabu kwa mambo yaliyotokea: mwaka mto ulipopanda mpaka sokoni, mwaka treni ya Ubundu ilipoacha kupita. Kuna umri wa shule, unaopungua mtoto akirudia darasa. Kuna umri wa kadi ya mpiga kura, ambao mara nyingi ulichaguliwa na tonton, mjomba fulani tu, kwenye foleni, jua likiwa kali na karani akiwa na haraka. Na kwa kuwa kadi hiyo ndiyo kitambulisho chenyewe kwetu, basi umri wa foleni ndio unaokuzika. Mtu wa Kisangani ukimwuliza miaka yake, si mwongo akikujibu, "Ile ya wapi?"

Walikuja kununua miaka kwetu. Askari wa kambi ya Kapalata alitaka picha ya kumpelekea baba mkwe, aonekane mtu aliyekwisha kutulia. Nikashusha taa, akapata uzee wa heshima. Kijana mmoja wa Mangobo alitaka kucheza na timu ya watoto, na ndevu zake zilikuwa kama brashi ya viatu. Tulimnyoa, tukampaka poda, nikainua taa, nikatandika kitambaa. Ikatoka sura ya mtoto wa komunyo ya kwanza. Nikiwa bado najisifu, mlango ukasukumwa, kitoto kikaingia kinalia, "Papa, niko na njaa!" Papa Anselme alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Tulikuwa pia na koti moja, jeusi, lenye kifungo kimoja kilichopona. Wanaume wote walipigwa picha nalo. Mnene tulimwachia wazi mgongoni, mwembamba tulimbana na vibanio vya nguo. Karani mmoja wa ofisi ya kadi aliwahi kupita studio akaliona limetundikwa, akalinyooshea kidole. "Bon, ndiyo wewe! Hii koti imeomba karte kwangu kushinda mutu yoyote."

Dirishani, mahali ambapo studio nyingine zilipanga maharusi na watoto wa ubatizo, sisi tulikuwa na picha moja tu: picha ya mbuzi. Mbuzi mzuri, anatazama kando, taa imempata vizuri pembeni. Watu walitutania. Mimi pia nilitania, mpaka siku Papa Anselme aliponieleza. Zamani alitundika dirishani picha ya binti mmoja, bila kumwuliza, kwa sababu ilikuwa imetoka vizuri mno. Binti huyo alikuwa amewatoroka jamaa zake wa Yanonge waliotaka kumwoza kwa mzee. Baba yake mdogo alishuka kutoka kwenye baleinière, mashua ya abiria, na mzigo wa mihogo, akapita pale, akasimama. Siku ile ile walimjua aliko, wakamrudisha kwao.

"Sikufanya kitu kibaya," Papa Anselme aliniambia. "Nilionyesha tu uso. Uso tu."

Tangu hapo alikuwa na sheria yake. Ukishachukua picha zako, anakata negatifu, kile kipande cha filamu kinachozaa picha, anaifunga katika karatasi, anakupa mkononi. "Beba. Isilale kwa mutu mungine." Studio nyingine ziliweka negatifu ili mteja alazimike kurudi. Sisi tulipoteza wateja wa marudio, lakini watu wenye jambo la kuficha walikuja kwetu, na mjini watu hao ni wengi kuliko mnavyofikiri. Hakuandika majina yao. Nami sikuandika baada yake, nilipoachiwa studio.

Kisha zikaja kamera zisizo na filamu, na chumba cha giza kikageuka ghala la makaa. Kisha zikaja simu, na kigoda kikabaki na vumbi. Sikulaumu mtu. Nilijifunza kuchapa picha za simu, nikajifunza kufungulia watu akaunti, kuwabadilishia neno la siri walilolisahau, kuwasomea Kifaransa kilichojitokeza ghafla kwenye kioo cha simu. Nilikuwa bado naishi kwa nyuso, ila sasa sikujua negatifu iko wapi. Hilo lilinikera, lakini kama jiwe dogo kiatuni: unatembea tu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Miaka hii ya karibuni, nchi za mbali zimetunga sheria kwamba mambo ya watu wazima mitandaoni yasifikiwe na watoto, na kwamba mwenye mtandao ahakikishe umri wa kila anayeingia. Msinielewe vibaya. Nina wajukuu. Mmoja nilimkuta na simu ya shangazi yake akitazama kitu ambacho mimi mwenyewe, na uzee huu, nilikitupia kitenge. Anayetaka kuwakinga watoto sigombani naye. Lakini ili kumnasa mtoto mmoja mlangoni, lazima kila mtu mzima aonyeshe uso wake au kadi yake kwa bawabu asiyemjua. Na wenye mitandao, kwa kuogopa faini za kule, hawakujisumbua kutofautisha kule na huku. Mlango waliouweka kwao, siku moja tuliuona na kwetu.

Kuna muuguzi anaitwa Mama Godelive, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, rafiki yangu. Alianzisha kundi kwenye simu kwa ajili ya wanawake wenye fistula. Wasiojua: mwanamke anapata uchungu mrefu wa kuzaa, mara nyingi mbali na hospitali, mtoto anakufa, naye anabaki na tundu ndani ambalo linavujisha mkojo usiku na mchana. Anatengwa. Bwana anamfukuza, wenzake sokoni wanasogeza viti. Na ugonjwa wenyewe unatibika! Unahitaji upasuaji tu, na madaktari wanaoujua, ambao huja mjini mara chache na kuondoka.

Ndani ya kundi hakukuwa na majina wala picha, sauti tu. Kila mmoja alijiita samaki: Kapitene, Mbenga, Malangwa. Waliulizana mambo ambayo hawangemwuliza hata dada. Wengine walikuwa Isangi, wengine Yanonge, wengine sehemu za juu za mto. Mama Godelive aliwajibu kila jioni baada ya kazi, na madaktari wakikaribia, aliwaambia waje lini na wapite mlango gani ili wasionekane.

Siku moja mtandao ukaamua kwamba kundi hilo, kwa kuwa lilitaja sana viungo vya mwili, ni la watu wazima. Kila mwanamke akafungiwa mlango mpaka athibitishe umri.

Wa kwanza kuja kwangu alikuwa yule aliyejiita Ngolo, kambare. Alitoka Ubundu. Alikuja asubuhi, mdogo wa umbo, uso wa duara, akakaa karibu kabisa na mlango juu ya kitenge alichokikunja mara nyingi. Nikajua ni wa kundi kabla hajasema, nikajifanya natafuta miwani.

"Mama Foto, Mama Godelive alisema weye njo unajua kufungua hii kintu. Simu iko naniuliza miaka."

"Uko na ngapi?"

"Mama alikufa bila kuniambia."

"Na karte?"

"Sina. Bwana alinifukuza mbele ya enrôlement, ile ya kuandika batu kwa kura."

"Bon. Itabaki paka uso, uso tu."

Nilijua mashine itamwona mtoto. Basi nilimkalisha kigodani, kigoda kilichokuwa hakijakaliwa kwa miaka, nikavuta nywele zake nyuma, nikashusha taa kama nilivyofundishwa. Nilipiga moja ya kujaribu kwa kamera yangu. Alama ndogo juu ya unyusi wake ikajitokeza, na mashavu yakaingia. Nikamwonyesha. Aliishika kamera kwa mikono miwili.

"Ile njo mama yangu kabisa," alisema.

Sasa ikabaki simu yake yenyewe imtazame. Nikaiinua. Akaweka kiganja mbele ya kioo.

"Hii picha, ikitoka hapa, iko naenda kulala wapi?"

Nilimsomea maandishi. Kwamba uso utatumwa kwa kampuni nyingine, itapima miaka, kisha itafuta.

"Weye unamujua ule mutu wa kufuta?"

"Simujui."

"Alors, kama hafute? Kama kesho uso yangu inatokea fasi ingine, na jina ya kundi pembeni? Kwetu banafikiri niko na maladi ya tumbo. Nauza samaki. Kama banajua, nani atakula samaki yangu?"

Nilitaka kumtuliza, lakini nilikuwa namwona Papa Anselme na dirisha lake. Nilimwambia ukweli: sijui. Akaniomba nifute ile ya kujaribu. Nilifuta mbele ya macho yake. Akaomba nimwonyeshe tena, aone kwamba palipokuwa na uso wake sasa hakuna kitu. Nikamwonyesha.

Wiki hiyo walikuja wengine, na kila mmoja alifika pale pale: kiganja mbele ya kioo. Nikamwita Mama Godelive.

"Kama ni uso njo banataka," alisema, akijitupa kigodani mpaka kikalia, "babebe yangu! Miye niko na siri gani? Nimezalisha hapa bamama, nikazalisha na bana yabo. Bote banajua hii sura."

Nataka mwelewe kwamba hakuna aliyeona ubaya, mimi wa kwanza. Kwetu mtu huazima koti la picha, huazima viatu vya ndoa, huazima hata mtoto wa kumsindikiza msibani asionekane mpweke. Mwenye kitu humpa asiye nacho, siku inapita, kitu kinarudi. Uso wa Mama Godelive ulikuwepo, mpana, wa mtu mzima bila ubishi. Tuliona ni koti.

Wanawake walikuja pamoja, wamejifunika, wakakaa nyuma ya pazia lenye ndege, maana Mama Godelive hakutaka kuwaona. "Miye nimekubali sauti tu," alisema. Mkono ulitokea chini ya pazia na simu, mimi nikaipokea, nikaweka taa sawa, nikaielekeza kwake. Simu ikasema geuka kushoto, akageuka. Geuka kulia. Fumba macho. Ikaja simu nyingine.

"Hata foto ya ndoa yangu haikunisumbua hivi!" alilalamika. "Bwana mwenyewe hajawahi kuniangalia hii yote!"

Nyuma ya pazia wakacheka. Kwanza mmoja, kisha wote, kicheko cha watu waliokuwa wamesahau namna yake, kikawa kinakatika na kuanza upya. Miaka yangu yote katika kazi, hiyo ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote, na hakuna picha yake hata moja.

Wakati wa kutoka, sauti ndogo ilisema nyuma ya kitambaa, "Mama Godelive, asante ya uso."

Ngolo alirudi Ubundu na kundi likiwa limefunguka. Mama Godelive alikuwa amemwahidi nafasi: madaktari wakija, yeye awe wa mwanzo, kwa kuwa alikuwa ameteseka muda mrefu na tundu lake, kwa alivyoeleza, lilikuwa la kuzibika. Kilichobaki ilikuwa ni kumtumia sauti: njoo.

Mnaojua mashine mmeshaona tulikoelekea. Hazikupita siku nyingi, Mama Godelive aliingia kwangu bila hodi, jasho kwenye mdomo wa juu.

"Foto, banatufunga bote."

Nilisoma. Uso mmoja umetumika kwa watu wengi; ni udanganyifu; akaunti zote zinafungwa. Zote, pamoja na yake yeye aliyekuwa na ufunguo wa kundi. Kundi lilikuwa limetoweka, na sauti zote zilizokuwa ndani yake. Alikaa chini akatazama simu kama mtu anayetazama chungu kilichopasuka na mchuzi umekwisha kumwagika.

"Foto," alisema, "balisema banafuta. Kama balifuta, balijua namna gani ya kama ni miye tena?"

Vijana, mimi sina masomo ya mashine na sitaki kujifanya ninayo. Labda kuna maelezo mazuri. Lakini swali lile la muuguzi nimelibeba mpaka leo na hakuna aliyenijibu. Ili kuijua sura iliyorudi, lazima kuna mahali ile ya kwanza ilipolala.

Tuliandika malalamiko kwa Kifaransa kizuri. Yalijibiwa na mashine, kwa Kifaransa kizuri zaidi.

Na ndipo madaktari wakaja. Redio ilitangaza, lakini redio inasikiwa na kila mtu, na mwanamke akianza safari siku ya tangazo la fistula, kijiji kizima kinamhesabia hatua. Kundi ndilo lilikuwa njia ya kuja bila kujulikana. Kapitene alipatikana kwa sababu alikaa jirani na kanisa la Mama Godelive na alijitokeza mwenyewe. Malangwa alikuja na wengine wawili aliokuwa amewatambua kwa kikohozi chao, kile kile cha kundini. Wa juu ya mto, kimya.

"Kuko kitanda ya Ngolo," Mama Godelive aliniambia. "Miye najua paka sauti yake. Weye njo uliona sura."

Basi nilivuka mto kwenda Lubunga na mgongo wangu huu, nikapanda pikipiki, nikaenda Ubundu kwa njia ile ya matope. Kijana wa pikipiki aliniuliza nakwenda kufanya nini. Nikamwambia kununua samaki. Akacheka: Kisangani nzima imekosa samaki?

Ni pale sokoni Ubundu nilipoelewa nilikojiingiza. Ningemwulizia nani? Jina sina. Niseme natafuta mwanamke mdogo, mwenye alama juu ya nyusi, aliyefukuzwa na bwana? Wataniuliza wa nini. Na mimi ni mgeni kutoka mjini, wiki ambayo redio imetangaza ugonjwa ule. Neno moja langu lingefanya lile alilolikimbia kwenye simu. Ningekuwa mimi dirisha.

Ile picha ya majaribio ingekuwapo ningeizungusha sokoni? Nimejiuliza sana. Siku hiyo, na Mungu anisamehe, nilitamani nisingeifuta. Kisha nikaona aibu ya kutamani. Kisha nikatamani tena.

Nikafikiri kama mtu wa kazi yangu. Nikatoa kamera. "Foto! Foto ya bure! Mama Foto wa Kisangani! Bamama na bana, kuyeni!" Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba wote watakuja na mimi nitatazama kila uso. Wakaja kweli. Wakanyoosha shingo, wakabana pumzi. Nilitazama wanawake wa Ubundu mmoja mmoja mpaka macho yakauma, nikiwasifia vilemba, na yeye hakuwamo.

Mwenye mtumbwi mmoja, papa wa makamo aliyekuwa anangoja mzigo, aliniambia, "Mama, bote balifika, paka mumoja njo alikimbia."

"Nani?"

"Kale kamama kanauzaka samaki peke yake kule chini. Alisikia foto, akabeba basani yake, akapanda mutumbwi. Muangalie, bado iko nakata mayi."

Nilimwuliza, taratibu, kama ana alama hapa. Akasema ndiyo.

Niliteremka mpaka maji yakaingia viatuni. Mtumbwi ulikuwa bado karibu, mgongo wa mwanamke unaonekana, mdogo, na beseni mbele yake. Kulikuwa na jina moja tu duniani la kumwita, nami nikalipiga kwa pumzi yangu yote.

"Ngolo! Ngolo-e! Ngolo!"

Wauza samaki wakanikimbilia. Huyu ameshika kambare kwa mashavu, yule ametoa wa moshi, wanasukumana: "Mama, ngolo iko hapa! Ya mubichi! Angalia mafuta yake!" Nikawa nawapita kwa viwiko ili nimwone.

Kasia lilisimama. Ninaapa lilisimama. Aligeuza shingo nusu, nami nikainua mikono yote miwili, na mkono mmoja, kwa upumbavu wa mazoea ya maisha yangu, ulikuwa bado na kamera. Akainamisha kichwa akapiga kasia kuliko mwanzo. Jina lake la siri linapigwa kelele sokoni kwao na mtu mwenye kamera: mngekuwa ninyi mngefanya nini? Nililia pale mbele ya watu, na wakadhani ni kwa sababu ya bei.

Nilikaa mpaka kesho yake nikimngoja pale ukingoni. Hakurudi. Madaktari walimaliza kazi yao wakaondoka.

Papa Anselme alimpoteza mtu kwa kuonyesha uso wake. Mimi nilijitahidi maisha yote nisifanye hivyo, nikampoteza wa kwangu hata hivyo, na ninasikitika kwa namna ambayo uzee hauipunguzi. Mtaishi ninyi katika dunia ambayo kila mlango utawaomba sura. Mingine mtaifungua, hamna budi. Ila mkumbuke kwamba anayekataa kuonyesha uso si lazima awe mtoto wala mwizi. Anaweza kuwa mama anayeuza samaki.

Sasa nawaomba kitu. Jina la samaki nililotaja hapa silo alilojiita. Alama yake nimeihamisha kutoka ilipokuwa. Na soko linaweza kuwa jingine kabisa kando ya mto huu huu, kwa hiyo msianze kutazamana. Lakini ninyi ndio mnaowasomea mama zenu na shangazi zenu kilichoandikwa. Mnaposoma hiki, sehemu hii someni kwa sauti, pale wanapofua, pale wanapokausha samaki, pale wanapongoja mitumbwi, na msimtazame mtu yeyote usoni mnaposoma:

Mama, madaktari wamesema watarudi wakati wa kiangazi. Mama Godelive yupo, njoo na sauti yako tu. Pita mlango wa nyuma, umejifunika. Hakuna kamera; nimeiuza. Nafasi yako hatujampa mtu.